Jinsi ya Kupanga na Kuendesha Safari Nyepesi ya Baiskeli Mashambani Uingereza: Campsea Ashe hadi Saxmundham

Wasomaji wengi wanaoishi London, Reading, Leicester na miji mingine ya Uingereza wamejaribu safari ya aina moja na kushindwa kwa namna ileile. Wanapata baiskeli nzuri, wanachagua kijiji chenye sura ya kupendeza, wanaiuliza simu njia ya kufika, kisha baada ya saa mbili wanajikuta ama pembeni mwa barabara kuu yenye malori, ama wakisukuma baiskeli mchangani, ama wakipanda kilima ambacho hakikuonekana katika picha yoyote. Baadhi yao wameiweka baiskeli stoo na hawajaigusa tena.

Tatizo halimo miguuni mwao. Wepesi wa safari huamuliwa mezani, mbele ya ramani, siku kadhaa kabla gurudumu halijazunguka, na huamuliwa na mambo manne: mwinuko wa ardhi, aina ya barabara, upande unaotoka upepo, na mahali kilipo kituo cha treni cha kurudia nyumbani. Umbali unakuja baada ya hayo yote.

Mwongozo huu unatumia njia moja halisi ya kujifunzia, yenye takriban kilomita 30, katika mkoa wa Suffolk mashariki mwa Uingereza. Inaanzia kituo cha treni kilichopo kijiji cha Campsea Ashe, inapita Tunstall, Chillesford, Orford, Sudbourne, Iken na Snape, na kuishia kituo cha Saxmundham. Ukiweza kuipanga na kuiendesha hii, utaweza kupanga nyingine yoyote.

## Vitu vya kuandaa

Baiskeli si lazima iwe ya gharama. Inayotakiwa ni baiskeli ya barabarani au ya kawaida yenye gia, breki zinazoshika, na tairi za upana wa milimita 28 hadi 35. Tairi nyembamba kuliko hapo hukutikisa kila penye lami iliyopasuka, na vibarabara vya vijijini vina lami iliyopasuka kwa wingi.

Pamoja na baiskeli, kusanya vitu vifuatavyo:

- Ramani ya karatasi ya Ordnance Survey, shirika la taifa la ramani, aina ya Explorer, yenye jalada la rangi ya chungwa. Kwa safari hii ni namba 212, ya Woodbridge na Saxmundham. Sentimita 4 za ramani hiyo ni kilomita 1 ya ardhi.
- Simu yenye ramani iliyopakuliwa kabisa, kwa kuwa mtandao hupotea kati ya vijiji, pamoja na betri ya akiba.
- Tyubu mbili zinazolingana na tairi zako, vijiti vitatu vya plastiki vya kutolea tairi, pampu ndogo na alenki.
- Taa nyeupe ya mbele na taa nyekundu ya nyuma. Gizani sheria inazidai zote mbili, pamoja na kiakisi-mwanga chekundu cha nyuma.
- Kofia ngumu. Sheria ya Uingereza haimlazimishi mwendesha baiskeli kuivaa, lakini ivae.
- Koti jepesi la mvua na glavu, hata mwezi wa Juni, kwa sababu upepo wa Bahari ya Kaskazini hauangalii kalenda.
- Maji lita moja na nusu, na chakula kinacholiwa kwa mkono mmoja. Tende na ndizi zinatosha kabisa.
- Kufuli, kadi ya benki na fedha taslimu kidogo.

Ramani ya karatasi ndiyo wasomaji huiruka, wakisema kwamba simu inatosha. Simu inakuonyesha mstari mmoja wa kufuata, ilhali karatasi inakuonyesha kila barabara iliyo kando ya mstari huo, na siku ambayo barabara imefungwa kwa matengenezo hilo ndilo utakalolihitaji.

## Hatua ya 1: Chagua eneo kwa kutazama mwinuko

Picha za mashamba ya Uingereza zinadanganya bila kukusudia. Bonde la Devon na tambarare ya Suffolk hupiga picha zinazofanana: ua wa miti kila upande, kanisa la mawe, ng'ombe wachache. Lakini Devon kibarabara kinaweza kushuka na kupanda kwa ukali mara kadhaa ndani ya kilomita tano, wakati Suffolk mkoa mzima sehemu yake ya juu kabisa, Great Wood Hill, ina mita 128 tu juu ya usawa wa bahari.

Kwa hiyo anza na maeneo yanayojulikana kuwa tambarare: Suffolk ya pwani, Norfolk, Cambridgeshire, bonde la York, au nyanda za Somerset. Acha Cotswolds, Chilterns na Devon kwa msimu mwingine, hata kama zinasifiwa zaidi.

Kisha pima. Programu za kuchorea njia, kama Komoot na cycle.travel, hutoa jumla ya mita utakazopanda. Gawa mita hizo kwa idadi ya kilomita. Jibu likiwa chini ya mita 8 kwa kila kilomita, njia ni nyepesi kwa anayeanza. Likivuka 12, utachoka mapema, na kuanzia 15 unazungumzia safari ya mlimani.

Wastani peke yake hautoshi, kwa sababu kilima kimoja kikali kinaweza kujificha ndani ya safari iliyo tambarare. Hapo ndipo ramani ya karatasi inaposaidia. Tafuta alama ndogo ya mshale iliyochorwa juu ya barabara: mshale mmoja maana yake ni mteremko wa asilimia 14 hadi 20, na miwili maana yake ni zaidi ya asilimia 20. Ncha ya mshale inaelekea chini. Njia ya mtu anayeanza isiwe na mshale hata mmoja.

## Hatua ya 2: Soma rangi na namba za barabara

Hii ndiyo hatua inayowaangusha watu wengi, kwa hiyo ipe muda.

Barabara za Uingereza zimepangwa kwa herufi. Zinazoanza na M ni za magari ya kasi na baiskeli haziruhusiwi kabisa. Zinazoanza na A ni barabara kuu. Sheria inakuruhusu kupita nyingi kati ya hizo, lakini ruhusa haiifanyi A12, inayopita karibu na njia yetu, kuwa mahali pa kwenda kustarehe. Zinazoanza na B ni za kati: nyingine zina utulivu na nyingine zina malori, na huwezi kujua mpaka uikague kila moja. Zilizobaki hazina namba kwenye vibao, na katika ramani ya Ordnance Survey zimepakwa rangi ya njano. Njano ndiyo rangi unayoitafuta.

Jihadhari na rangi nyeupe. Njia nyeupe inaweza kuwa barabara ya kuingia shambani kwa mtu au njia ya udongo tu. Programu ya simu, ukiiachia itafute njia fupi, hukupeleka huko bila kusita.

Jihadhari vilevile na mistari ya kijani iliyokatwakatwa. Vistari vifupi ni njia ya waenda kwa miguu, ambayo huna haki ya kuiendeshea baiskeli. Vistari virefu ni njia ya farasi, ambayo baiskeli imeruhusiwa kupita tangu sheria ya mashambani ya mwaka 1968, kwa sharti kwamba uwapishe watembeao na wapanda farasi. Ruhusa ipo, ila katika pwani ya Suffolk ardhi ni ya kichanga, na tairi ya barabarani huzama humo mpaka ukalazimika kushuka. Malalamiko ya kusukuma baiskeli mchangani yalianzia hapa: msafiri aliona njia ya mkato ya kilomita mbili kupitia msituni, akaifuata. Baki kwenye lami.

Njia yetu ina sehemu za B ambazo nimezikubali kwa kujua. Kutoka Campsea Ashe hadi Tunstall, na kutoka Tunstall hadi karibu na Chillesford, unafuata B1078, kisha B1084 hadi Orford. Asubuhi ya Jumapili zinapitika vizuri, kwa kuwa mwisho wake ni kijiji cha ufukweni, na barabara isiyoelekea mji mkubwa haina malori mengi. Sizishauri jioni ya Ijumaa wala saa za mchana za wikendi ya sikukuu. Siku za kazi zina shida nyingine: ujenzi wa kituo cha umeme wa nyuklia cha Sizewell C, karibu na Leiston, umeleta magari mengi mazito katika barabara kuu za eneo la Saxmundham.

Umefaulu hatua hii ikiwa unaweza kuipitisha penseli juu ya njia yako nzima na kusema, kwa kila kipande, ni barabara ya aina gani na kwa nini umeikubali.

## Hatua ya 3: Panga upepo kabla ya kupanga saa

Mahali ambapo hakuna vilima, upepo ndio kilima. Mabaharia wetu wa pwani waliujua upepo wa mbisho na hawakushindana nao bila sababu, na mwendesha baiskeli afuate busara hiyohiyo.

Sehemu kubwa ya mwaka, upepo wa Uingereza hutoka kusini-magharibi. Katika safari yetu, kipande cha kwanza kinaelekea kusini-mashariki hadi Orford, kwa hiyo upepo huo unakupiga ubavuni. Kipande cha pili kinaelekea kaskazini, kwa hiyo unakusukuma mgongoni wakati miguu imeanza kuchoka. Hii ndiyo sababu kubwa ya kuanzia Campsea Ashe na kumalizia Saxmundham. Vituo vyote viwili viko kwenye reli moja, inayotoka Ipswich kwenda Lowestoft, na hivyo hulazimiki kurudi ulikotoka huku ukipambana na upepo.

Angalia utabiri wa Met Office, idara ya hali ya hewa ya Uingereza, jioni ya kuamkia safari. Upepo ukitoka kaskazini au kaskazini-mashariki, jambo la kawaida katika miezi ya masika ya huko, igeuze safari: anzia Saxmundham. Kasi ikitabiriwa kuvuka maili 20 kwa saa, yaani kama kilomita 32, ahirisha. Barabara itakuwepo wiki ijayo.

## Hatua ya 4: Chora njia, ikague, kisha iandike kwa majina ya vijiji

Chora njia katika programu kwa kubonyeza kijiji kimoja baada ya kingine kwa mpangilio, badala ya kubonyeza mwanzo na mwisho tu. Ukiacha nafasi kubwa katikati, programu itaijaza kwa uamuzi wake. Ukimaliza, pakua faili la GPX, yaani faili lenye mstari wa njia yako, na uhakikishe linafunguka simu ikiwa imezimwa mtandao.

Baada ya hapo fungua picha za barabarani za Google na utazame kila njia panda, hasa mahali unapovuka barabara ya A. Kwetu sisi mahali hapo ni kaskazini ya Snape, ambapo unaivuka A1094 inayokwenda Aldeburgh. Ukiwa umekwisha kupaona kwenye kioo, hutapaduwaa utakapofika.

Mwisho, chukua kipande cha karatasi na uandike majina ya vijiji kwa mfululizo: Tunstall, Chillesford, Orford, Sudbourne, Iken, Snape, Sternfield, Saxmundham. Kibandike kwenye usukani. Vibao vya njia panda mashambani hutaja jina la kijiji kinachofuata na mara nyingi havitaji namba yoyote, kwa hiyo orodha hii ndogo hufanya kazi ambayo simu yenye kioo kilicholowa mvua haiwezi. Kumbuka pia kwamba namba zilizo kwenye vibao hivyo ni maili. Kibao kinachosema 5 kinamaanisha kilomita 8.

## Hatua ya 5: Panga treni mbili, ya kwenda na ya kurudi

Anayetoka London hupanda treni Liverpool Street na kubadilisha Ipswich. Katika reli ya Ipswich hadi Lowestoft treni si nyingi, mara nyingi moja kwa saa kila upande, na nafasi za baiskeli ndani ya behewa zina kikomo. Zingatia mambo haya matatu.

Kwanza, siku za kazi kampuni za reli huzuia baiskeli zisizokunjwa katika treni za asubuhi zinazoingia London na za jioni zinazotoka. Baadhi ya treni za masafa marefu zinahitaji baiskeli iwekewe nafasi mapema. Soma kanuni za kampuni husika kabla ya kulipia tiketi.

Pili, hakikisha kwamba siku hiyo hakuna matengenezo ya reli. Jumapili ndiyo siku yanayopendelewa, na mabasi yanayoletwa badala ya treni mara nyingi hayachukui baiskeli. Msafiri asiyeliangalia hili anaweza kukwama Ipswich akiwa na baiskeli mkononi na tiketi halali mfukoni.

Tatu, lenga treni ya kurudi ambayo si ya mwisho. Kilomita 30 kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa ni saa mbili za kukanyaga pedeli. Ongeza saa mbili za kupumzika, kula, kupotea kidogo na kuziba pancha. Ukishuka Campsea Ashe saa 4 asubuhi, panga kuondoka Saxmundham kati ya saa 8 na saa 9 mchana. Ratiba ya reli hutumia saa za Kizungu, hivyo saa 8 mchana utaiona imeandikwa 14:00. Mnamo Desemba jua la Suffolk huzama kabla ya saa 10 alasiri, ilhali katikati ya Juni huzama baada ya saa 3 usiku, na kwa sababu hiyo safari ya kwanza ifanyike kati ya Mei na Agosti.

Jambo dogo linalowachanganya wageni: kituo kilichopo Campsea Ashe kinaitwa Wickham Market, ingawa mji wa Wickham Market wenyewe uko kilomita kadhaa kutoka hapo. Tiketi yako isomeke Wickham Market.

## Hatua ya 6: Kagua baiskeli usiku wa kuamkia safari

Jaza tairi upepo usiozidi kiwango kilichoandikwa ubavuni mwake. Kwa mtu wa kilo 75 na tairi ya milimita 32, shinikizo la pau (bar) 4 hadi 4.5 linafaa. Tairi ngumu kupita kiasi haikuongezei kasi kwenye lami mbovu. Inakuongezea maumivu ya mikono.

Shika breki zote mbili na uisukume baiskeli mbele: gurudumu lisizunguke. Baiskeli zinazouzwa Uingereza huwa na breki ya mbele mkono wa kulia. Aliyenunua yake bara Ulaya huenda akaikuta kushoto, na ni vyema kulijua hilo kabla ya mteremko wa kwanza.

Fanya mazoezi ya kubadilisha tyubu nyumbani, mara moja, ukiwa na vifaa vilevile utakavyobeba. Nyua za miti za mashambani zimejaa miiba. Wakulima hawaruhusiwi kuzipogoa kati ya Machi na Agosti ili ndege wapate kulea, hivyo kuanzia Septemba matrekta hupita yakizikata na miiba huanguka barabarani. Msimu huohuo huanza mavuno ya viazisukari, na matope yanayodondoka kutoka kwenye magurudumu ya matrekta huifanya lami iteleze.

## Hatua ya 7: Kilomita za mwanzo, Campsea Ashe hadi Orford

Usipande baiskeli kwenye jukwaa la kituo. Toka nje, washa taa hata kama ni mchana, na ujikumbushe upande. Waliojifunza kuendesha Tanzania, Kenya au Uganda wamezoea kushoto, na Uingereza ni hivyohivyo. Waliotoka Kongo, Rwanda, Burundi, Oman na nchi za Ghuba wamezoea kulia, na hatari yao haiko kwenye barabara iliyonyooka bali pale wanapokata kona baada ya kupumzika, hasa kibarabara kikiwa kitupu na hakuna gari la kuwakumbusha.

Kilomita tano za kwanza ziendeshwe polepole kuliko unavyotaka. Kipimo ni rahisi: uweze kusema sentensi nzima bila kukata pumzi. Tumia gia nyepesi, miguu izunguke kwa wepesi, na kabla ya kuanza kupanda mahali popote badilisha gia mapema, kwani cheni hulalamika ukiibadilisha chini ya mzigo.

Baada ya Tunstall unaingia katika msitu wa misonobari. Barabara imenyooka na magari hushika kasi. Usijibane ukingoni kabisa. Baki kama nusu mita kutoka ukingo wa lami, uwe na nafasi ya kukwepa shimo bila kuyumba kuelekea katikati. Kanuni za barabarani zilizorekebishwa Januari 2022 zinamtaka dereva akuachie angalau mita moja na nusu anapokupita kwa mwendo wa hadi maili 30 kwa saa, na zaidi ya hapo akiwa kasi zaidi. Kula kitu kidogo baada ya kilomita kumi hata kama huna njaa.

Utajua umefika Orford utakapoona mnara mkubwa wa mawe wenye pande nyingi, uliosalia wa ngome ya mfalme Henry wa Pili, iliyojengwa kati ya 1165 na 1173. Kijiji kina duka, mikahawa na gati ya kukalia ukitazama mto na ukanda mrefu wa changarawe wa Orford Ness. Pumzika hapa kwa muda wa kutosha, jaza maji, ule kwa utulivu. Agiza chakula mapema, kwa kuwa majiko ya mashambani mara nyingi hufungwa katikati ya alasiri. Ukifika ukiwa na hamu ya kuendelea, basi mwendo wako ulikuwa sahihi. Ukifika hoi, punguza kasi kipande cha pili.

## Hatua ya 8: Orford hadi Snape kwa vibarabara vya njano

Hapa ndipo penye utamu wa safari yote. Kutoka Sudbourne unaingia vibarabara vya upana wa gari moja, vyenye mashamba na miti pande zote, mpaka Iken. Ukiwa na nafasi moja tu ya kutokuwa na haraka katika siku hiyo, itumie hapa.

Utulivu huo una masharti yake. Kibao cha duara jeupe chenye mstari mweusi wa mshazari kinamaanisha kwamba kikomo cha kitaifa kinatumika, yaani maili 60 kwa saa, karibu kilomita 96, hata kama barabara ni nyembamba kiasi cha majani kugusa vioo vya gari. Kwa hiyo kabla ya kila kona isiyoonekana mbele, punguza mwendo, tega sikio, na ukae katikati ya njia yako ili dereva anayekuja akuone mapema na anayefuata nyuma asijaribu kukupita. Kona ikiisha na barabara ikifunguka, rudi kushoto umpishe.

Ukisikia gari nyuma na hakuna nafasi, endelea mpaka pale barabara ilipopanuliwa kwa ajili ya kupishana, simama, na umwashirie apite. Wenyeji huinua mkono kushukuru, nawe inua wako. Watu hukumbuka adabu, na baiskeli itakayopita baada yako itafaidika nayo.

Ukikutana na farasi, punguza mwendo kutoka mbali na utoe sauti ya kawaida, "Hello" inatosha, kwa sababu farasi huogopa kitu kinachotokea nyuma kimyakimya kuliko sauti ya mtu. Mpite kwa nafasi pana upande wa kulia, wala usimpite kamwe upande wa kushoto.

Kati ya Iken na Snape, upande wa kulia, kuna eneo la wazi linaloitwa Iken Cliff, lenye nyasi zinazoshuka hadi mto Alde. Mtu anayepita hapo bila kusimama ameharakisha bure.

Snape Maltings, majengo ya zamani ya kuandalia shayiri ambayo tangu 1967 yana ukumbi wa muziki, ni mapumziko ya pili. Mwezi wa Juni, wakati wa tamasha la Aldeburgh, barabara ya hapa hujaa magari na mabasi, na daraja la mto ni jembamba. Siku hizo vuka kwa miguu.

## Hatua ya 9: Kuvuka A1094 na kumaliza

Ukitoka Snape kuelekea kaskazini utaifikia A1094 karibu na kanisa. Shuka. Simama na baiskeli ubavuni mwako, tazama kulia, kushoto, kisha kulia tena, na uvuke kwa miguu pale tu unapoona nafasi ndefu pande zote mbili. Hakuna aibu yoyote katika kusukuma baiskeli mita kumi. Ajali nyingi za wachovu hutokea mahali kama hapa, kilomita chache kabla ya mwisho, wakati akili imekwisha kufika nyumbani.

Kutoka hapo, vibarabara vinakupeleka Sternfield na kisha Saxmundham, mwendo wa takriban kilomita tano. Fika kituoni dakika ishirini kabla ya treni, ujue jukwaa ni lipi, na usimame karibu na mlango wenye alama ya baiskeli. Funga baiskeli yako kwa mkanda uliopo behewani ili isimwangukie abiria.

## Mambo yakiharibika njiani

Pancha ikitokea, toka kabisa barabarani, ingia kwenye lango la shamba. Kabla ya kuweka tyubu mpya, pitisha vidole taratibu ndani ya tairi ukitafuta mwiba, kwani usipouondoa utatoboa tyubu ya pili kabla ya kijiji kinachofuata.

Ukipotea, usiifuate barabara kwa matumaini. Rudi hadi njia panda ya mwisho uliyoitambua, na usome karatasi ya vijiji upya.

Kwa dharura piga 999. Mpokeaji atahitaji kujua ulipo, na kibarabara hakina jina la kutaja, kwa hiyo weka kwenye simu programu ya OS Locate, ambayo ni ya bure na hukupa namba za eneo lako kwenye ramani bila kuhitaji intaneti. Aidha, jisajili mapema kwa kutuma neno "register" kwenda 999 kwa ujumbe mfupi, kisha ujibu "yes" kwa ujumbe utakaorudi. Baada ya hapo utaweza kuomba msaada kwa ujumbe pale ambapo sauti haipiti.

Miguu ikikataa kabisa, fungua ramani utazame reli. Kutoka Snape, Saxmundham ni karibu kuliko kurudi Campsea Ashe. Kutoka Tunstall ni kinyume chake. Andika jambo hili nyuma ya karatasi yako kabla ya kuondoka nyumbani.

## Safari inayofuata

Rudia njia hii kwa upande wa pili siku ambayo upepo unatoka kaskazini, nawe utaiona kama njia mpya. Kisha panga ya kwako mwenyewe kati ya vituo viwili vilevile ukipitia Blaxhall, ambayo ni fupi zaidi, bila kumwuliza mtu yeyote. Ikikaa sawa kwenye ramani na barabarani, ongeza umbali kwa kumalizia kituo cha Darsham badala ya Saxmundham, ukitumia kanuni zilezile za mita 8 kwa kilomita, rangi ya njano na upepo wa mgongoni.